Paka Nje

Katika jengo letu zima, toka chini mpaka juu, hakuna choo cha paka kilicho safi kama changu. Nasema bila kumung'unya maneno, na anayebisha apande ngazi aje anuse mwenyewe. Mchanga mkavu, umelala kama shuka la kitanda cha mgeni. Nzi hakuna. Mende hakuna. Hata ile harufu inayomfanya mtu akunje uso kabla hajasalimia, hakuna.

Na paka pia hakuna. Hiyo ndiyo siri ya usafi wangu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana najua wapo wanaosoma gazeti hili kwa kuchungulia bega la jirani, na watu hao hupitwa na wiki moja moja.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua kwamba mume wangu, fundi saa, alifariki akiwa ameinamia meza yake, saa ya mteja mkononi ikiendelea kutembea kama vile haikuambiwa. Mnajua jinsi ndugu zake walivyogawana nyumba kabla wageni wa msibani hawajamaliza kunawa mikono. Na mnajua kwamba mimi nilitoka mle na begi la nguo na paka wake. Paka mwenyewe anaitwa Dakika. Marehemu alimpa jina hilo kwa sababu ukimwita, anakuja baada ya saa nzima.

Msibani watu walisema nimejikaza. Sikujikaza hata kidogo. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu ulioukalia: unaukanyagia, unakwenda, lakini huusikii. Mpaka leo niko hivyo. Mkisoma hapa mkacheka, chekeni, ni haki yenu. Mimi naandika tu.

Basi nikaja kwa mwanangu. Mwanangu ni fundi wa lifti. Jengo analokaa lina lifti, nayo ilikufa kabla sijafika, kwa hiyo kila jioni tunapanda ngazi kwa miguu, tumefuatana na fundi wa lifti mbele yetu, anahema. Kinyozi hajinyoi.

Mkewe ni mkaguzi wa majiko ya mahoteli. Akiingia mlango wa nyuma, wapishi huficha matambara na kukumbuka kuvaa kofia. Nikiwa peke yangu namwita Mkaguzi. Mbele yake namwita mwanangu. Hana ubaya, na hilo nataka mlijue mapema. Mtu anayeshinda akifunua sufuria za watu na kukuta mambo, akirudi kwake anataka kufunua asikute jambo.

Siku niliyofika alinikalisha sebuleni, akanipa maji, akanieleza kwa adabu zote. Dada yangu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa keshanitengea kitanda kwake. Lakini kwa Redio paka haingii. Shemeji akipitiwa na paka tu, macho yanamvimba kama aliyepigwa ngumi. Kwa hiyo, alisema mkwe wangu, kwa vile paka ni wa marehemu na hana pa kwenda, atakaa hapa, na wewe mama utakaa naye. Chumba cha watoto kipo, wenyewe wako shule ya bweni. Sharti ni moja, choo chake kiwe safi. Siku nikiona mdudu roshani kwangu, paka tutamtafutia mtu, na wewe utakuwa huru kwenda kupumzika kwa dada yako.

Utakuwa huru. Mtu aliyesoma hata akikufukuza unaweza kumshukuru ukadhani amekukaribisha.

Sasa mmeelewa mambo yalivyokaa. Watu wa jengo walidhani namfuga paka. Paka ndiye aliyekuwa ananifuga mimi. Akibaki, nabaki. Akitoka, nafunga begi nakwenda kusikiliza Redio mpaka siku ya kuzikwa kwangu, na hata siku hiyo sidhani kama atanyamaza.

Kwa hiyo nililitunza lile beseni la choo chake kama watu wanavyotunza cheo.

Asubuhi, Mkaguzi akiwa bado anaoga, natoka roshani na kijiko changu cha matundu. Mabonge natoa, nafunga kwenye mfuko, napeleka chini. Mchanga uliobaki nachekecha kwa chekecheke la zamani, nautandaza juani. Beseni nalisugua kwa maji ya moto na sabuni, nalifuta, nalianika. Likikauka kabisa ndipo narudisha mchanga. Kabisa, nasema. Maana choo cha paka kikiwa kibichi, ni sawa na kutundika kibao cha kuwakaribisha wadudu.

Na mimi kibao hicho nilikitundika mwenyewe bila kujua.

Chini ya beseni nilikuwa natandika magazeti ili mchanga usitapakae sakafuni. Gazeti hili hili. Nakiri kwamba mara kadhaa Dakika alikosea shabaha akaikojolea hadithi hii mnayoisoma, ukurasa wenyewe, na katika wahariri wote niliowapata sijaona aliyekata maneno upesi kama yeye. Lakini gazeti linanyonya unyevu. Juu mchanga mkavu, chini tope la karatasi, joto na giza. Mende anataka nini tena, apewe na mto?

Siku moja nikainua beseni nioshe, wakatawanyika. Wakubwa kwa wadogo, ukoo mzima, na nyanya yao mmoja akiburura mguu nyuma. Nikaua niliowawahi kwa kandambili. Huko bafuni mkwe wangu alikuwa anaimba. Nilipomsikia amefunga maji, nikarudisha beseni chini, nikakaa juu ya ukingo wa roshani, nikajifanya natazama mawingu.

Magazeti nikayatupa. Lakini mende hao walikuwa wameshahamia kwenye nyufa za vigae, na asubuhi iliyofuata nikamkuta mmoja anapunga hewa ndani ya beseni kama mwenye nyumba.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mwanangu na mkewe walipokwenda kazini, nikashuka mpaka duka la dawa za mifugo pale kona. Muuzaji ni kijana ambaye sura yake nilikuwa siijui, maana kutwa imeinamia simu, humo mna mpira unachezwa.

"Nataka dawa ya paka," nikamwambia.

"Paka anaumwa nini?"

"Haumwi. Mende ndio wanaomsumbua."

"Basi bibi hutaki dawa ya paka. Unataka dawa ya kupaka."

"Ya kupaka, sawa. Lakini ni kwa ajili ya paka."

Akachoka nami. Akanipa kikopo na brashi ndogo, akanieleza juu juu kwamba dawa ni kali, nisiinuse, nikimaliza ninawe mikono. Nje palikuwa na pikipiki inaunguruma, mwenyewe hayupo. Nilipofika mlangoni, kijana akaniongezea jambo la mwisho, kichwa bado kiko kwenye mpira.

"Paka nje, bibi. Ikikauka ndiyo urudishe."

Nikaondoka nikimsifu moyoni. Kijana hata hajui kama paka wangu ni mweupe au mweusi, na bado anamjali.

Nyumbani nikafuata maagizo. Nikamwinua Dakika kwa tumbo, nikafungua mlango, nikamweka kwenye ngazi. Nikamwambia atembeetembee, dawa ikikauka nitamwita. Alinitazama kama anavyotazama kila kitu, kama ametazama vya maana zaidi. Nikafunga mlango.

Kisha nikapaka. Nilipaka ndani ya beseni, kila kona, chini ya mdomo wake, sakafu yake, kama mtu anayepaka rangi nyumba ya harusi. Nje sikugusa, mende walinitokea ndani. Nikaacha ikauke. Nikanawa mikono. Nikafungua mlango.

Ngazi zilikuwepo. Paka hakuwepo.

Nikashuka mpaka chini, nikapanda mpaka paa ambako watu huanika nguo. Nikachungulia nyuma ya matangi ya maji. Nikarudi mlangoni kwetu nikasimama. Nilikuwa nangoja moyo uanguke. Kwa kawaida mtu akipoteza kitu moyo huanguka, nakumbuka ilivyokuwa zamani. Haukuanguka. Nikaingia ndani, nikachukua chekecheke, nikachekecha mchanga ambao haukuwa na kitu.

Kesho yake nikatoka kumtafuta mtaani. Sasa jaribuni kuona mambo yangu: kikongwe amesimama kando ya barabara, anaita, "Dakika. Dakika." Mwanamume mmoja mwenye haraka zake akatazama saa yake akaniambia ni saa tano kasoro robo. Mwingine aliyekuwa anangoja mtu pale akanijibu kwa hasira kwamba hata yeye ameambiwa dakika tangu asubuhi. Nikawashukuru wote wawili.

Nikapitia dukani. Nilitaka kujua kama ile dawa hufukuza na paka.

"Kwani ulipaka wapi?" kijana akaniuliza.

"Ndani. Kila kona. Na paka nikamtoa nje kama ulivyosema."

Hapo akainua kichwa. Ndiyo mara ya kwanza nikaona kwamba ana macho, tena mazuri.

"Nilisema paka nje, bibi."

"Ndiyo. Nikamtoa."

"Si paka." Akachukua brashi, akaanza kusugua ukuta ambao haukuwepo. "Paka. Nje ya beseni. Chini yake na pembeni. Ndani anakanyaga, akikanyaga analamba miguu."

"Na akilamba?"

Aliniuliza kama paka amerudi. Nikamwambia hajarudi. Akasema basi nishukuru.

Nikashukuru. Nilikuwa nimemponya paka kwa kumpoteza. Shule niliyosoma ilinitosha kuandika na kujumlisha, lakini hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba neno moja linaweza kuingia dukani likiwa kazi, likatoka mlangoni likiwa mnyama.

Nikarudi nikalisugua lile beseni mpaka vidole vikanyauka. Maji ya moto, sabuni, maji mengine, jua kali, sabuni tena. Nikatupa mchanga wote nikaweka mpya. Endapo angerudi, asikute sumu. Nje yake ndiyo nikapaka dawa, chini na pembeni, na mende wakaisha kabisa. Dawa ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa lugha.

Jioni Mkaguzi akatoka roshani na tochi ya simu yake, kama desturi yake. Akainama, akanusa, akapitisha kidole kwenye vigae, akakitazama kidole. Akaniita.

"Mama, leo nakupa daraja la kwanza."

Tangu nimeingia nyumba ile sikuwahi kusifiwa kwa jambo lolote. Nimesifiwa kwa choo ambacho hakina mwenyewe. Nikasema asante, mwanangu.

Akauliza paka yuko wapi. Nikamwambia yuko chini ya kitanda changu, amejikunyata, joto limemchosha. Hilo halikumshangaza. Dakika hakuwahi kumpenda, viatu vyake vinanuka dawa za kusafishia. Na chumbani kwangu haingii bila kubisha hodi, heshima hiyo anayo.

Ndivyo nilivyoanza. Uongo hauna mlango mkubwa, unaingilia tundu la ufunguo.

Kila jioni paka alikuwa chini ya kitanda. Chakula chake nilikimwaga katika choo cha watu. Samaki wawili tu ndio niliowaonja, na ninakiri walikuwa na ladha kuliko vya mezani kwetu. Maji ya bakuli lake nilikuwa nayapunguza kidogo kidogo, nikiacha matone sakafuni, kwa kuwa Dakika alikunywa kama mtu mwenye meno mabovu. Asubuhi natoka na kijiko changu cha matundu, nachekecha mchanga usio na kitu. Mkono ulijua kazi yake, haukuuliza.

Dada yangu Redio alipiga simu katikati ya mambo hayo. Alinieleza kuhusu godoro jipya alilonitandikia, kuhusu jirani yake, mkwe wa jirani yake, na jino la mkwe wa jirani yake. Alipovuta pumzi aliuliza habari za paka. Nikamwambia mzima, anakula. Akasema ni mzee yule, hawezi kuishi milele, na siku akifa nisikae hata usiku mmoja, nije. Nikamwambia nitakuja.

Kumbe na usafi nao ukizidi unazaa maswali. Siku ya Alhamisi Mkaguzi alisimama roshani muda mrefu kuliko kawaida. Akaniuliza, mama, huyu paka haendi haja? Choo ni safi mno. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, usoni ilionekana. Akasema paka akifunga choo anaweza kufa, na kwamba anamfahamu daktari wa mifugo, hukagua naye machinjio, atamwomba apite Jumamosi.

Daktari. Atakuja na mkoba wake, ataomba kumwona mgonjwa, na mimi nitafunua shuka nimwonyeshe kandambili.

Kwa hiyo ilibidi choo kichafuke.

Walipokwenda kazini nilichukua mkate wa jana, nikamimina chai iliyobaki kwenye chupa, nikaongeza na majani ya chai yaliyochujwa ili rangi ikolee. Nikafinyanga. Utotoni nilifinyanga vyungu vya kuchezea na vyote vilipasuka. Kumbe kipaji kilikuwa kinangoja uzee. Lile la kwanza lilikuwa nene mno, lingemtisha daktari. La pili likakaa sawa. Nikaliviringisha kwenye mchanga, nikalifukia nusu kama Dakika alivyokuwa akifukia, yaani kwa uvivu.

Nikasogea nyuma nikalitazama. Marehemu angecheka mpaka ile lenzi yake idondoke jichoni. Nikangoja kidogo kuona kama nitasikia kitu. Sikusikia. Nikafinyanga jingine.

Jioni Mkaguzi alitoka roshani akarudi anatabasamu. Akampigia daktari kumwambia asisumbuke. Usiku ule mezani alinikatia kipande kikubwa cha nyama kuliko cha mumewe. Mavi ya uongo yalinipa heshima ambayo mvi hazikunipa.

Tunafundishwa kwamba paka akitoka panya hutawala. Kwetu walitawala sisimizi.

Mimi ambaye sisahau kitu, nilisahau kwamba katika nyumba ile chai hutiwa sukari humo humo ndani ya chupa.

Jumamosi nilikuwa chumbani nakunja nguo. Nikasikia ananiita, sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo ninayoiogopa. Nikatoka. Mkwe wangu alikuwa amechuchumaa roshani. Toka kwenye fremu ya dirisha, kupita chungu cha maua, kupanda ubavuni mwa beseni, ulikuwa umetanda mstari mweusi unaotembea. Ile dawa ya mende hata haikuwashughulisha. Waliipanda kama ngazi zetu.

Hakufoka. Alinikumbusha tulivyokubaliana siku ya kwanza, neno kwa neno, na aliyakumbuka vizuri kunishinda. Alisema amevumilia. Alisema yupo mpishi mkuu wa hoteli fulani anayetafuta paka wa kukaa stoo, atamchukua leo leo. Na dada yangu atampigia yeye mwenyewe, ili nisione aibu.

Nilimsikiliza. Nilikuwa nafikiria begi langu liko wapi. Nilikuwa nafikiria pia, nitampaje mpishi paka nisiye naye. Lakini mawazo yenyewe yalipita mbali, kama magari ya barabara ya pili.

Mlango ukafunguliwa, mwanangu akaingia. Aliondoka alfajiri, lifti ya ofisi moja ilikuwa imekwama, na sasa ilikuwa karibu adhuhuri. Mkewe akamwambia, bila kumgeukia, alibebe beseni lile alipeleke chini akamwage kila kitu kilichomo.

Alikuwa amechoka, akatii bila kuuliza. Akakunja mikono ya shati. Na mkono wa kulia, toka karibu na kiwiko kushuka mpaka kwenye kifundo, ulikuwa na mikwaruzo, myekundu, mibichi.

"Nini hicho?" mkewe akauliza.

"Paka wa mama," akasema. Upesi. "Asubuhi hii, nilipokuwa navaa viatu. Nilimkanyaga mkia."

Mwanangu anajua kutengeneza lifti. Kudanganya hajui. Tangu mdogo akidanganya anaongeza kitu ambacho hakikuulizwa. Nani alimuuliza mkia?

Nilimtazama. Hakunitazama. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikahisi kitu kinanichoma mahali fulani mwilini, kidogo sana, kama ganzi inapotaka kuachia. Nilijua nini ambacho hakikumkwaruza. Kilichomkwaruza sikukijua.

Lakini mimi ni mama, na tena nilikuwa mwongo wa zamani kuliko yeye. Uongo wake na wangu ulikuwa umekutana chini ya mwavuli mmoja. Nikausogeza mwavuli.

"Kweli," nikasema. "Ni mzee yule, hapendi kukanyagwa mkia."

Mwanangu akageuka akanitazama. Macho yalimtoka kwanza, kisha yakashukuru.

"Basi ni mkali pia," mkwe wangu akasema. "Sababu nyingine hiyo."

Mwanangu akainama kubeba beseni. Mkewe akamzuia kwa mkono. Alikuwa bado amechuchumaa, anautazama ule mstari wa sisimizi unavyoingia mchangani na kutoka. Alikuwa amekunja paji la uso kama anavyofanya akikuta sufuria ambayo inang'aa mno.

"Hawa hawafuati kinyesi cha paka," akasema taratibu. "Ninafunga majiko ya watu kwa ajili ya hawa. Hawa wanafuata sukari."

Akachukua kijiko changu cha matundu. Akaopoa bonge moja, akaligonga ukingoni mwa beseni likapasuka katikati. Ndani lilikuwa jeupe. Akalisogeza puani, na mimi nikasema moyoni, mungu wangu, huyu mwanamke haogopi kitu.

"Mkate," akasema. "Mkate na chai."

Mwanangu alikuwa hajaelewa. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, mikono imeshika beseni.

"Mama, paka yuko wapi?" mkwe wangu akaniuliza.

Nilikuwa na jibu lake. Lilikuwa pale mdomoni, limezoea njia: chini ya kitanda. Lakini nilimwona anavyoliweka lile bonge chini, polepole, kama kitu cha mtu mwingine, na nikajua safari hii hatabisha hodi, ataingia na tochi. Na zaidi ya hapo nilichoka. Nilichoka kuchekecha mchanga mtupu.

"Hayupo," nikasema.

"Tangu lini?"

Mwanangu akaanza kukohoa. Nilimsikia vizuri sana. Kikohozi kile nakifahamu tangu anyonye. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Tangu Jumatatu. Siku ya dawa."

Nikangoja mkwe wangu anigeukie. Nilikuwa tayari kwa godoro jipya, kwa jirani, kwa jino la mkwe wa jirani. Hakunigeukia. Alisimama, akajikung'uta mchanga magotini, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ameweka beseni chini na sasa anateremsha mkono wa shati, kidogo kidogo, anatafuta kifungo.

"Usifunge," akamwambia. "Hebu, baba watoto, nyoosha tena huo mkono."